KAULI ZENYE NYUSO MBILI: KIINGEREZA CHA SIASA NA DHAMANA YA MFASIRI, 1923–1967

Utangulizi

Wahenga walisema kwamba ulimi hauna mfupa. Kwa watu wa kawaida neno hilo ni onyo juu ya umbea. Kwetu sisi tunaoshughulika na tafsiri, ni maelezo ya kazi tunayoikuta mezani kila siku. Mfasiri wa mwongozo wa mashine au wa maagizo ya dawa hutazamia kwamba mwandishi alitaka kueleweka. Mfasiri wa kauli za siasa hana hakika hiyo. Mwanasiasa aghalabu husema na watu wa namna mbili au tatu kwa wakati mmoja, na huchagua neno ambalo kila mmoja wao ataweza kurudi nalo nyumbani akiwa ameridhika. Utata wa namna hiyo si kosa la lugha. Ni sehemu ya shabaha ya msemaji.

Katika makala haya tunakusudia kuzitazama kauli tano za Kiingereza zilizotamkwa au kuandikwa kati ya mwaka 1923 na 1967. Nne kati yake ziligusa moja kwa moja maisha ya watumiaji wa Kiswahili katika Afrika Mashariki. Ya tano ilitoka mbali, lakini ina somo ambalo mfasiri wa Kiswahili hana budi kulijua. Hatuandiki kwa nia ya kuwahukumu waliotutangulia. Twataka kuonyesha kwamba nyuma ya kila neno lenye nyuso mbili palikuwa na watu waliopata au waliokosa kitu, na kwamba mfasiri alipochagua uso mmoja, alishika mizani hiyo mkononi mwake, ajue asijue.

Maslahi yaliyo "juu ya yote": Kenya, 1923

Mwezi wa Julai 1923 Serikali ya Uingereza ilitoa waraka juu ya Wahindi katika Kenya. Waraka huo hujulikana kwa jina la aliyekuwa Waziri wa Makoloni, Duke of Devonshire. Ugomvi uliouzaa ulikuwa baina ya makundi mawili ya wahamiaji. Wahindi walidai daftari moja la wapigakura na haki ya kumiliki ardhi katika nyanda za juu. Walowezi wa Kizungu walikataa katakata, hata baadhi yao wakapanga njama za kumteka Gavana. Serikali haikumpa ushindi kamili yeyote kati ya wagomvi hao. Ilimtaja mtu wa tatu, ambaye hakuwa ameitwa barazani. Ilitamka kwamba Kenya ni nchi ya Waafrika "primarily", kwamba maslahi ya wenyeji hayana budi kuwa "paramount", na kwamba ikiwa, na wakati wowote, maslahi hayo yatagongana na ya wahamiaji, basi ya wenyeji ndiyo yatakayoshinda.

Tuyapime maneno hayo moja moja. Neno la kwanza laweza kufasiriwa "kwanza kabisa", "hasa", au "kwa asili". Anayesema kwamba Kenya ni nchi ya Waafrika kwa asili ametaja haki isiyo na mshirika. Anayesema kwamba ni ya Waafrika kwanza amekwisha fungua mlango wa pili na wa tatu. Neno la pili, ambalo twaweza kulifasiri "juu ya yote", husikika kama ngome. Lakini tuangalie ni kitu gani kilichowekwa juu. Waraka haukusema haki; ulisema maslahi. Tofauti ni kubwa. Mwenye haki hudai mwenyewe, ilhali mwenye maslahi hutunziwa na mlezi wake. Hata mtoto mchanga ana maslahi. Na waraka wenyewe ulieleza kwamba Serikali ya Uingereza ndiyo iliyoshika dhamana ya Waafrika, wala haikuwa tayari kumgawia mwingine dhamana hiyo. Kwa hiyo mwenyeji aliwekwa juu, lakini ufunguo ulibaki kwa mlezi.

Matokeo yalikuja kuonyesha uso gani ulikuwa wa kweli. Nyanda za juu ziliendelea kuwa za Wazungu. Mwafrika wa kwanza kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria la Kenya, Eliud Mathu, aliteuliwa mwaka 1944, yaani miaka 21 baada ya waraka. Mwaka 1930 Waziri mwingine wa Makoloni, Lord Passfield, aliikariri kauli ile kwa nguvu, na walowezi wakapiga kelele. Mwaka uliofuata Kamati ya Pamoja ya mabaraza mawili ya Bunge la Uingereza ikaifafanua. Ilisema kwamba maana yake haizidi hii: maslahi ya wenyeji walio wengi yasiwekwe chini ya yale ya wachache wa rangi nyingine. Msomaji ataona kilichotendeka. Kutowekwa chini si kuwekwa juu. Katika muda wa miaka minane neno halikubadilika hata herufi moja, ila limeshushwa kutoka darini hadi sakafuni.

Mfasiri aliyeandika "juu ya yote" mwaka 1923 alikuwa mwaminifu kwa neno. Lakini kama hakumwonyesha msomaji wake kwamba yanayosemwa ni maslahi wala si haki, na kwamba mpimaji wa maslahi hayo si mwenyewe, basi alimpa furaha ambayo waraka haukuiahidi.

"Au" ya San Francisco na "usawa" wa Tanganyika

Mkataba wa Umoja wa Mataifa ulitiwa sahihi San Francisco mwezi wa Juni 1945. Ibara yake ya 73 inahusu nchi ambazo bado hazijajitawala kwa jumla, na inataja lengo moja tu, kujitawala. Ibara ya 76 inahusu nchi zilizowekwa chini ya udhamini, ambazo Tanganyika ikawa mojawapo mwaka 1946. Hapo lengo linatajwa kuwa ni kujitawala "au" uhuru, kadiri itakavyoelekea hali ya kila nchi na matakwa ya watu wake.

Kwa hiyo tofauti baina ya Tanganyika na Kenya, mbele ya sheria ya mataifa, ilikaa katika kiunganishi kimoja na jina moja. Je, "au" hiyo yamaanisha kwamba mambo mawili ni sawa na lolote latosha? Au ni njia panda, na kama ni njia panda, nani achague? Mtawala aliweza kusoma kwamba kujitawala kwa ndani chini ya bendera yake kunatosha. Mtawaliwa aliweza kusoma kwamba uhuru umekwisha tajwa na hauwezi kufutwa. Kiswahili kina bahati hapa, kwani "au" yetu ina utata uleule, na mfasiri anaweza kuutia kama ulivyo. Hatari iko katika majina. Mara nyingi "kujitawala" na "uhuru" yametumika kama pacha, na mwandishi anayeyabadilishana ili kupamba mtindo huifuta ile tofauti ambayo wajumbe wa San Francisco walibishania.

Ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliotembelea Tanganyika mwaka 1954 ulionelea kwamba nchi ingeweza kujitawala katika muda wa miaka 20 hadi 25. Serikali ya Uingereza haikupenda kuwekewa muda. Mwezi wa Machi 1955 Julius Nyerere, kwa niaba ya TANU, alisimama mbele ya Baraza la Udhamini mjini New York. Miongoni mwa aliyoyaomba ni tamko bayana kwamba Tanganyika, ingawa ina watu wa rangi nyingi, ni nchi ya Waafrika "primarily". Neno lile lile la mwaka 1923! Lakini mara hii limetoka katika kinywa cha mwenye nchi, na anayelisema anataka lifunge, si lifungue. Neno moja la Kiingereza, wasemaji wawili, shabaha mbili. Kamusi pekee haiwezi kumsaidia mfasiri mahali hapo. Inambidi amjue msemaji.

Wakati huo serikali ya Gavana Twining ilishikilia siasa iliyoitwa "multi-racial". Kama sifa ya nchi, neno hilo ni la kweli tupu: nchi ilikuwa na watu wa rangi mbalimbali. Kama msingi wa katiba, lilimaanisha jambo jingine, yaani kwamba watu wawakilishwe barazani kwa rangi zao. Katika Baraza la mwaka 1955 viti 30 visivyo vya serikali viligawanywa 10 kwa Waafrika, 10 kwa Waasia na 10 kwa Wazungu. Mpango huo ulikuwa na jina lake la Kiingereza, "parity", na mfasiri anayelitafuta katika kamusi atakuta neno zuri mno: usawa.

Hapo ndipo mtego ulipo. Waafrika walizidi milioni 8. Wazungu walikuwa wapata 20,000. Usawa wa viti kati ya makundi hayo ulikuwa kinyume kabisa cha usawa wa mtu na mtu. Mwananchi akiambiwa kwa Kiswahili kwamba serikali inaleta usawa, na chama chake kinaukataa usawa huo, atashangaa ni chama gani hicho. Tafsiri iliyo sahihi kwa kamusi ingemfanya mdai haki aonekane mpinzani wa haki. Wananchi wenyewe waliupa mpango wa uchaguzi jina lililo wazi zaidi: kura tatu. Kila mpigakura alilazimishwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, la sivyo kura yake iharibike. Jina hilo halikufasiri falsafa ya mpango. Lilieleza kinachotendeka ndani ya chumba cha kura. Na kwa kuwa lilieleza kitendo, liliwawezesha wajumbe wa TANU, katika mkutano wa Tabora wa Januari 1958, kujadili hasa kinachowakabili: waingie katika uchaguzi wenye sharti baya, au wasuse. Waliamua kuingia, ijapokuwa Zuberi Mtemvu na wenzake walijitenga kwa sababu hiyo. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959 wagombea walioungwa mkono na TANU wakashinda.

Upepo wa Cape Town, 1960

Tarehe 3 Februari 1960 Waziri Mkuu wa Uingereza, Harold Macmillan, aliwahutubia wabunge wa Afrika Kusini mjini Cape Town. Alisema kwamba upepo wa mabadiliko unavuma katika bara hili, na kwamba, tupende tusipende, kukua kwa hisia za utaifa ni jambo la kweli katika siasa. Alikwisha kuutaja upepo huo mjini Accra mwezi uliotangulia, lakini watu wachache ndio waliojali. Maneno yalikuwa yaleyale. Waliobadilika ni wasikilizaji.

"Upepo wa mabadiliko" umekwisha zoeleka katika Kiswahili, na hatuna haja ya kuung'oa. Hata hivyo tuutafakari. Kwa Mwingereza, upepo unaovuma hivyo husukuma mambo mbele, wala hafikirii siku utakaporudi. Kwa mtu wa pwani yetu upepo una majina na majira. Kaskazi huja na jahazi za Uarabuni na Bara Hindi, kisha kusi huzirudisha. Nahodha hatwezi kwa upepo, huungoja. Msikilizaji wa Mombasa au Unguja aliyeambiwa habari za upepo wa mabadiliko angeweza kwa haki kabisa kuuliza utageuka mwezi gani. Utata huu haumo katika Kiingereza. Umezaliwa katika safari ya kuja kwetu. Mfasiri yampasa aangalie pande zote mbili: utata aliouficha, na utata aliouongeza.

Zaidi ya upepo, kuna lile neno dogo "tupende". Sisi akina nani? Waingereza? Wazungu wote, pamoja na walowezi na Makaburu waliokuwa wakisikiliza? Au wanadamu kwa jumla, pamoja na Waafrika ambao kwao hisia hizo zilikuwa zao wenyewe, na ambao kuwauliza kama wanazipenda kungekuwa mzaha? Kiswahili, kama Kiingereza, hakitofautishi baina ya sisi inayomjumuisha msikilizaji na sisi inayomwacha nje. Mfasiri akiandika "tupende tusipende", msomaji Mwafrika atajiona amo. Kwa hakika hakuwamo. Tanbihi fupi, kwamba msemaji alisema na wabunge wa Kizungu mbele yake, ingetosha kuliweka jambo mahali pake.

Madaraka: neno lililopanda cheo

Kauli ya nne ni "responsible government". Katika sheria ya Kiingereza maana yake ni ya kitaalamu: serikali ambayo mawaziri wake hulijibu baraza lililochaguliwa na watu, na ambayo huondoka baraza likikosa imani nayo. Lakini katika mazungumzo ya kila siku sifa hiyohiyo ya Kiingereza humaanisha mtu mtulivu, mwenye busara, anayeaminika. Wakubwa wa kikoloni walipata faida katika kukaribiana kwa maana hizo. Kusema kwamba watu hawajawa tayari kwa serikali ya namna hiyo kulisikika kama kusema kwamba watu hao hawajapata akili ya kuaminiwa. Suala la katiba likageuzwa kuwa suala la tabia.

Kiswahili kilichagua neno "madaraka", na tukiutazama uchaguzi huo leo, twaona ulikuwa na busara. Neno hili, lenye asili ya Kiarabu na lililo ndugu wa kitenzi "kudiriki", katika matumizi ya zamani lilimaanisha dhamana, mzigo wa shughuli aliojitwika mtu. Halikuwa na harufu ya kumpima mtu tabia. Tanganyika iliingia katika serikali ya namna hiyo mwezi wa Septemba 1960, baada ya TANU kupata viti 70 kati ya 71. Ikapata serikali kamili ya ndani tarehe 1 Mei 1961, na uhuru tarehe 9 Desemba mwaka huohuo. Kenya ilipata serikali ya ndani tarehe 1 Juni 1963, na hadi leo siku hiyo husherehekewa kwa jina la Siku ya Madaraka, mbali na sikukuu ya uhuru ya tarehe 12 Desemba.

Lakini kila uchaguzi una gharama yake. Neno liliposhikamana na furaha ya kutwaa serikali, maana yake ilianza kupanda kutoka mzigo hadi cheo. Tanzania ilipotangaza mpango wa Madaraka Mikoani mwaka 1972, neno lilikwisha maanisha hasa uwezo wa kuamua. Leo tunasema "mwenye madaraka" kwa maana ya mkubwa, na "kutumia madaraka vibaya" kwa maana ya kutumia nguvu vibaya. Nusu ya ile kauli ya Kiingereza, yaani kulazimika kujibu mbele ya watu, imedondoka njiani. Ilibidi itafutiwe neno jingine, nalo ni "kuwajibika". Mwaka 1977, Ali Hassan Mwinyi alipojiuzulu uwaziri wa mambo ya ndani kwa sababu ya maovu waliyotendewa raia mkoani Shinyanga na watumishi wa vyombo vilivyokuwa chini yake, ingawa yeye mwenyewe hakuyatenda, alikitekeleza kile kipande cha maana kilichodondoka. Si ajabu kwamba katika Tanzania "kuwajibika" sasa hueleweka mara nyingi kuwa ni kuacha cheo. Neno moja la Kiingereza limegawanyika mara mbili katika Kiswahili: madaraka kwa anayeingia, kuwajibika kwa anayetoka.

Azimio la 242 na lugha isiyo na kibainishi

Mfano wa mwisho unatoka katika Baraza la Usalama. Tarehe 22 Novemba 1967, baada ya vita vya mwezi wa Juni baina ya Israeli na nchi za Kiarabu, Baraza lilipitisha Azimio la 242, ambalo rasimu yake ililetwa na mjumbe wa Uingereza, Lord Caradon. Azimio lilitaja kuondoka kwa majeshi ya Israeli kutoka maeneo yaliyotwaliwa katika vita hivyo. Katika Kiingereza neno la maeneo halikutanguliwa na kile kibainishi kidogo ambacho kingeonyesha kwamba ni maeneo yale yanayojulikana, yote. Katika Kifaransa, ambacho nacho ni lugha rasmi ya kazi ya Baraza, sarufi ilidai kibainishi, na matini ikasomeka kuwa ni maeneo hayo. Upande mmoja ukashika Kiingereza na kusema kwamba hapakutajwa yote. Upande wa pili ukashika Kifaransa, tena ukakumbusha kwamba utangulizi wa azimio unakataa nchi kujipatia ardhi kwa vita. Ubishi huo umedumu kwa zaidi ya nusu karne.

Kiswahili hakina kibainishi cha namna hiyo. "Kutoka maeneo yaliyotwaliwa" husimama palepale Kiingereza kinaposimama, bila kuegemea. Mfasiri wa Kiswahili, kwa hiyo, ana kazi moja tu: kujizuia. Akiongeza "yote" kwa kuwa anaona ndiyo haki, au "baadhi ya" kwa kuwa anaona ndiyo hali, ameacha kazi ya mfasiri na kuchukua kiti katika Baraza la Usalama.

Hitimisho

Kutokana na mifano hii twaweza kutoa rai chache kwa wenzetu walio maofisini na madarasani.

Kwanza, kabla ya kutafuta neno, mfasiri aulize kauli inasemwa na nani, mbele ya nani, na itamfunga nani. Neno la mwaka 1923 na neno la mwaka 1955 lilikuwa moja, lakini halikuwa kauli moja.

Pili, atofautishe utata uliokusudiwa na utata wa bahati mbaya. Uliokusudiwa ni sehemu ya maana, na Kiswahili kikiweza kuubeba, kama kinavyoweza katika "au" na katika Azimio la 242, aubebe. Kikishindwa, aseme wazi katika tanbihi kwamba matini ya asili ina njia mbili, wala asimchagulie msomaji kimyakimya.

Tatu, ajihadhari na maneno mazuri. Usawa, maslahi na madaraka ni maneno ambayo watu wameyatolea jasho. Yakitumiwa kufasiri mpango ambao hauna kheri hizo ndani yake, yanaukopesha mpango huo heshima isiyo yake. Heri jina lisilo na urembo linaloeleza kitendo, kama kura tatu.

Mwisho, wanaosanifu istilahi wasidhani kwamba neno likikwisha pitishwa limekwisha tulia. Madaraka yalipitishwa yakiwa mzigo, nayo yakageuka cheo katika kizazi kimoja. Istilahi za siasa zahitaji kurudiwa na kupimwa upya kila baada ya muda, kama mizani ya sokoni ikaguliwavyo, kwa sababu anayepunjwa mizani ikipotoka ni mnunuzi, na katika siasa mnunuzi ni mwananchi.